Pierre Curie: Bwana Aliyesoma Mawe

Katika jarida hili la Chama chetu cha Kiswahili tumezoea kusoma maisha ya mashujaa wa siasa na wa fasihi. Shaaban Robert tumemsoma, Mekatilili wa Menza tumemsoma, na Dedan Kimathi wengine wetu tunaweza kumsimulia hata usingizini. Sina ugomvi na hilo. Lakini safari hii nimeonelea nilete mtu wa maabara, na sababu zangu ni mbili.

Kwanza, kuna wenzetu wanaodhani kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi, ati kikifika kwenye mawimbi na fuwele kinalala chini kama punda aliyezidiwa na mzigo. Pili, huyu bwana ninayemleta hutajwa kila mara kama kiraka cha mkewe. Muulize mwanafunzi yeyote Marie Curie ni nani, atakujibu chapuchapu. Muulize Pierre Curie ni nani, atakwambia ni mume wa Marie, basi. Sitaki kumpokonya mama huyo hata punje moja ya sifa zake, maana ni zake kwa haki. Nataka tu kuonyesha kwamba Pierre alikuwa na kazi yake kabla hajamjua Marie, na kwamba kazi ile bado iko nasi hapa Nairobi, mjini kati na huku kwetu magharibi, katika saa, katika jiko la gesi, na hata katika mwanga wa kijani unaookoa macho ya watu.

Mtoto aliyesomea nyumbani

Pierre Curie alizaliwa mjini Paris, Ufaransa, tarehe 15 Mei 1859. Baba yake, Eugène Curie, alikuwa daktari, tena si daktari wa kutajirika. Pierre alikuwa na kaka mmoja, Jacques, aliyemzidi kwa miaka michache tu. Hawa wawili walikuwa chanda na pete.

Sasa sikiliza ajabu. Mtoto huyu hakupelekwa shule kama watoto wengine. Wazazi wake waliona kwamba akili yake haipendi kukimbizwa. Akishika jambo moja alitaka kulishika mpaka mwisho, na ukimhamisha kwenye jambo jingine katikati, alipotea. Shule zilizokwenda kwa kengele zingemvunja moyo. Basi alifundishwa nyumbani na wazazi wake na kaka yake, akawa anatembea mashambani akitazama mimea na wadudu. Alipofika umri wa miaka 14 alipata mwalimu wa hisabati aliyemwelewa, na hapo ndipo moto ulipowaka. Akiwa na miaka 16 alipata cheti cha kumwingiza chuo kikuu, na akiwa na miaka 18 akapata shahada ya sayansi.

Ninaposoma habari hii huwa nawakumbuka wale wenzetu wanaoitwa wazito darasani. Mtu mzito na mtu mwenye kina hufanana kwa mbali. Ukitaka kuwatofautisha ni lazima ukae nao.

Pesa za kuendelea na masomo ya juu hazikuwepo. Mwaka 1878 Pierre aliajiriwa kama msaidizi wa maabara katika Chuo cha Sorbonne, kazi ya kuandaa vifaa ili wanafunzi wafanye majaribio. Ilikuwa kazi ya kijana wa mkono, lakini ilimpa ufunguo wa maabara, na mtu mwenye kiu akipewa ufunguo wa kisima atataka nini tena?

Chumvi na sukari

Jacques naye alikuwa msaidizi katika maabara ya madini. Mwaka 1880, Pierre akiwa na miaka 21, ndugu hawa wawili waligundua jambo ambalo ndilo kiini cha makala yangu. Walichukua mawe ya fuwele, yaani vitu ambavyo chembe zake zimejipanga kwa safu na mistari kama askari kwenye gwaride. Wakayakata vizuri, wakabandika karatasi nyembamba ya bati pande mbili, kisha wakayabana. Mawe yakatoa umeme! Si umeme wa kuwasha taa, bali kiasi kidogo ambacho kipimo makini kiliweza kukiona. Mwaka uliofuata mwenzao Gabriel Lippmann alionyesha kwa hesabu kwamba lazima kinyume chake pia kiwe kweli, na ndugu hao wakakithibitisha: ukilipa jiwe umeme, jiwe lenyewe hujivuta au hujibana kidogo.

Walijaribu mawe mengi, likiwemo kwatsi, lile jiwe gumu linalong'aa kama kioo. Katika orodha yao mlikuwemo hata sukari ya miwa. Naam, sukari hii tunayotia katika chai. Lakini chumvi ya mezani haitoi umeme huo hata uibane namna gani. Kwa nini? Ukizitazama kwa macho, chembe ya sukari na chembe ya chumvi ni mtu na ndugu yake. Tofauti iko ndani. Katika chumvi, kila chembe iliyo upande huu wa kitovu ina mwenziwe upande wa pili, sawia kabisa. Ukiibana, umeme wa huku unafutwa na umeme wa kule, na jumla inakuwa sufuri. Katika sukari na kwatsi mpangilio umekwenda upande, hauna kitovu cha ulinganifu. Ukizibana, umeme wa upande mmoja unazidi, na unatokea nje.

Jambo hili la ulinganifu lilimkaa Pierre kichwani miaka mingi. Mwaka 1894 alitoa kanuni ambayo wanafizikia wanaitumia hadi leo. Kwa maneno yangu ni hivi: matokeo hayawezi kwenda upande ikiwa sababu zake zote zimelingana sawasawa. Ukiona kitu kimeegemea upande, tafuta ndani ya chanzo chake, utakuta kuna kilichoegemea. Ni kanuni ya fizikia, ingawa naona hata kiranja wa bweni angeweza kuitumia.

Kwatsi mitaani Nairobi

Wahenga walisema kuona ni kuamini. Shuka Tom Mboya ukatize kuelekea Luthuli Avenue, kule kwenye maduka ya redio na simu, na njiani utawaona mafundi saa na vijimeza vyao kando ya ukuta. Saa nyingi wanazotengeneza zimeandikwa jina la jiwe hilo la kwatsi kwenye uso wake. Ndani mna kipande chembamba cha kwatsi kilichochongwa kama uma wenye meno mawili. Betri hukipa umeme nacho hutikisika mara 32,768 kila sekunde, bila kuchoka, na saa huhesabu mitikiso hiyo. Saa ya kwanza ya mkononi ya aina hiyo ilianza kuuzwa Japani mwaka 1969. Huo ni ugunduzi wa akina Curie umevaliwa mkononi.

Rudi nyumbani, iwe ni Kangemi, Kawangware, Uthiru au Loresho kwa wenye bahati zao. Mama anapobonyeza kiwashio cha jiko la gesi, kinalia ta! na cheche inaruka. Hakuna betri ndani ya vile vya kubonyeza. Mna kipande cha kauri maalum, na kinyundo kidogo kinakipiga, basi kinatema umeme. Ni jambo lile lile la mwaka 1880.

Tena mwanafunzi mmoja wa Pierre, Paul Langevin, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alitumia kwatsi kutoa sauti isiyosikika na sikio ili kutafuta nyambizi chini ya maji. Kutokana na njia hiyo tukapata, miaka mingi baadaye, mashine ambayo mama mjamzito hupitishiwa tumboni akamwona mtoto wake kwenye kioo.

Kapera wa mawe apata mwenzi

Mwaka 1883 Jacques aliondoka kwenda kufundisha Montpellier, na Pierre akabaki Paris katika Shule ya Fizikia na Kemia ambayo ilikuwa changa bado. Mshahara ulikuwa mdogo, maabara yake mwenyewe hakuwa nayo, na majaribio mengi aliyafanyia kwenye kijia kati ya ngazi na chumba. Hakulalamika sana, wala hakukimbilia vyeo. Shahada ya udaktari aliichukua Machi 1895, akiwa na miaka 35, tena baada ya kusukumwa. Utafiti wake huo ulihusu sumaku. Alionyesha kwamba sumaku ikipashwa moto hupoteza nguvu zake za kawaida katika kiwango maalum cha joto, ambacho hadi leo huitwa kwa jina lake. Kwa chuma ni nyuzi 770 hivi. Ukipata fundi wa jua kali mwenye subira, mwombe akuonyeshe: chuma kilichoiva moto kikawa chekundu sana hakishikwi na sumaku, na kikipoa kinashikwa tena.

Majira ya kuchipua ya mwaka 1894 alikutana na msichana Mpolandi aliyekuja Paris kusoma, Maria Skłodowska. Walianza kwa kuzungumza habari za sayansi na hawakumaliza maongezi hayo mpaka kifo. Walifunga ndoa tarehe 26 Julai 1895 katika mji mdogo wa Sceaux, bila sherehe za makuu, na fungate yao waliimaliza kwa kuendesha baiskeli mashambani. Binti yao wa kwanza, Irène, alizaliwa mwaka 1897, na wa pili, Ève, mwaka 1904.

Hapa ndipo vitabu vingi huanza kumsahau Pierre. Marie alianza kuchunguza mionzi ya uraniamu iliyogunduliwa na Henri Becquerel mwaka 1896. Mionzi hiyo ilifanya hewa ipitishe umeme, lakini umeme mdogo mno usiopimika kwa vyombo vya kawaida. Marie aliupimaje? Alitumia kipimo kilichobuniwa na Pierre na Jacques, chenye kipande cha kwatsi! Alining'iniza vyuma vya uzito, kwatsi ikatoa umeme unaojulikana kiasi chake, akaulinganisha na ule wa mionzi. Kwa hiyo jiwe la ndugu wawili ndilo lililofungua mlango wa atomu.

Pierre alipoona kazi ya mkewe ina uzito kuliko yake, aliziweka fuwele zake kando akajiunga naye. Julai 1898 walitangaza poloniamu, na Desemba mwaka huo radiamu. Kisha walifanya kazi miaka kadhaa katika banda bovu lenye paa la kuvuja, wakichemsha mawe kwa tani kwenye masufuria, hadi mwaka 1902 Marie alipopata sehemu ya kumi ya gramu moja ya chumvi ya radiamu.

Mwaka 1903 ilipojulikana kwamba Tuzo ya Nobel ilikuwa karibu kutolewa kwa Becquerel na Pierre peke yao, Pierre aliandika barua kueleza kwamba Marie lazima awemo. Akawemo. Mwaka huo huo alikataa nishani kubwa ya serikali ya Ufaransa. Alichotaka ni maabara, na hicho hakupewa. Wala wao wawili hawakutaka kumiliki njia ya kutengeneza radiamu ili wapate fedha, waliiacha iwe ya watu wote. Hapa sisi tunaosoma kwa mkopo na kwa harambee tunaweza kubishana kama walifanya vyema, maana watoto wao pia walihitaji kula. Mimi naona walichagua kwa macho yaliyo wazi, na gharama waliilipa wenyewe.

Pierre aliweka radiamu kwenye mkono wake mwenyewe kwa saa kadhaa na kuandika jinsi kidonda kilivyokuja na jinsi kilivyopona taratibu. Kutoka kidonda kile madaktari walipata wazo la kuchoma uvimbe wa saratani kwa mionzi, matibabu ambayo leo wagonjwa wengi hupangia foleni pale Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Lakini mionzi ile ile iliwadhoofisha wote wawili. Katika hotuba yake ya Nobel, aliyoitoa Stockholm mwaka 1905, Pierre alionya kwamba radiamu ikiangukia mikononi mwa wahalifu ingeleta hatari kubwa, ingawa yeye mwenyewe aliamini kwamba wanadamu watapata mema mengi kuliko mabaya.

Siku ya mvua

Tarehe 19 Aprili 1906 ilikuwa Alhamisi ya mvua. Pierre alitoka kwenye mkutano wa walimu wa sayansi, mwavuli mkononi, na mawazo yake, kama ilivyokuwa desturi, yakiwa mbali. Alipokuwa akivuka mtaa wa Dauphine, karibu na mto Seine, alitokea nyuma ya gari moja la farasi na kukutana uso kwa uso na mkokoteni mzito wa farasi wawili uliokuwa ukija upande wa pili. Aliteleza akaanguka. Farasi hawakumkanyaga, magurudumu ya mbele hayakumgusa, lakini gurudumu la nyuma lilipita juu ya kichwa chake. Alikuwa na miaka 46.

Ndugu zangu, nilipofika mahali hapo nilifunga kitabu kidogo. Sisi tunaovuka Barabara ya Waiyaki asubuhi na jioni tunajua habari hiyo bila kufafanuliwa. Gari moja linakuficha jingine. Bongo lililoelewa ulinganifu wa mawe lilizimwa na tope, haraka na mtaa mwembamba. Daraja la waendao kwa miguu huonekana mbali ukiwa umechelewa, lakini panda tu.

Marie alipewa nafasi ya mumewe Sorbonne, akawa mwanamke wa kwanza kufundisha huko. Novemba 1906 alisimama mbele ya wanafunzi na kuanza somo pale pale Pierre alipoliachia. Mwaka 1911 alipata Nobel ya pili, na mwaka 1935 binti yao Irène pamoja na mumewe wakapata yao. Mwaka 1995 mabaki ya Pierre na Marie yalihamishiwa Panthéon, mahali Ufaransa inapowazika watu wake wakuu.

Fuwele zinazobadili rangi ya nuru

Sasa nije kwenye jambo ambalo Pierre hakuishi kuliona, na ambalo kwangu ndilo ushahidi mkubwa wa kazi yake. Tarehe 16 Mei 1960, kule Malibu, California, Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza duniani. Alitumia fimbo ndogo ya yakuti nyekundu iliyotengenezwa na watu, ya ukoo mmoja na yakuti tunazochimba Kenya kule Taita Taveta. Nuru ya leza ni nuru ambayo mawimbi yake yote yana urefu mmoja na yanakwenda hatua moja, kama gwaride nililolitaja. Mwaka 1961 Peter Franken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan waliichukua nuru nyekundu ya yakuti, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 694, wakaipitisha ndani ya kipande cha kwatsi. Upande wa pili ilitoka nyekundu ile ile, lakini pamoja nayo ilitoka chembe ndogo ya nuru ya nanomita 347, yaani nusu barabara. Nuru hiyo inaitwa urujuanimno, jicho haliioni. Ilikuwa hafifu mno, hata inasimuliwa kwamba doa lake kwenye picha lilifutwa na wachapaji wa jarida wakidhani ni uchafu!

Inawezekanaje? Fikiria spika ya matatu. Dereva akifungua muziki kwa kiasi, spika inafuata wimbo sawasawa. Akiifungua kupita kiasi, spika inaanza kukoroma na kutoa sauti nyembamba ambazo mwimbaji hakuziimba. Spika imesukumwa hadi haiwezi tena kumfuata anayeisukuma. Fuwele nayo hivyo hivyo. Nuru ya taa ni msukumo mdogo, chembe za umeme ndani ya jiwe zinaufuata bila tabu. Nuru ya leza yenye nguvu ni msukumo mkubwa. Na kama jiwe limekwenda upande ndani yake, chembe zinasogea mbali zaidi upande mmoja kuliko wa pili, na mtikiso huo usiolingana unazaa wimbi jipya linalotikisika mara mbili zaidi. Linalotikisika mara mbili zaidi lina urefu nusu.

Umeona tulipofika? Jiwe lazima liwe halina kitovu cha ulinganifu. Ni sharti lile lile la ndugu wawili wa mwaka 1880. Chumvi haiwezi kufanya kazi hiyo, kwatsi inaweza. Hata hivyo kwatsi ni dhaifu, kwa sababu ndani yake wimbi jipya na wimbi la zamani hukimbia kwa kasi tofauti, wakapotezana njiani. Mwaka 1962 watafiti walipata dawa ya hilo. Walitumia fuwele ya fosfeti ya potasiamu iliyoelekezwa kwa pembe yake maalum, ambapo mawimbi yote mawili huenda kwa mwendo mmoja, na wimbi jipya likazidi nguvu kila hatua. Chumvi hiyo si ngeni kwetu. Wakulima wa maua na mboga huitumia kama mbolea ya kuyeyusha majini.

Katika maabara ya Lawrence Livermore huko California kuna leza yenye miali 192. Nuru yake huzaliwa na urefu wa nanomita 1053, ambao jicho halioni, kisha hupita katika mabamba ya fuwele za jamii hiyo ya fosfeti, yaliyokatwa kutoka kwenye fuwele zilizokuzwa majini hadi zikafika mamia ya kilo. Bamba la kwanza huzaa nuru ya nusu urefu, la pili huichanganya na iliyobaki, na mwisho hupatikana nanomita 351, theluthi moja. Inabadilishwa kwa sababu nuru fupi huingiza nguvu zake vizuri zaidi katika shabaha. Tarehe 5 Desemba 2022 nuru hiyo, yenye megajuli 2.05, ilibana chembe ya haidrojeni mpaka ikatoa megajuli 3.15, kwa njia ile ile ya kuunganisha viini ambayo jua hutumia.

Tusiende mbali lakini. Shangazi yangu anaugua kisukari, na sukari ilipoanza kuharibu mishipa midogo iliyo nyuma ya jicho lake, daktari alimtibu kwa leza ya kijani. Leza nyingi za kijani za kazi hiyo huanza na nuru ya nanomita 1064, ambayo jicho haliioni, kisha fuwele huikata katikati ikawa 532, kijani kibichi. Rangi hiyo ilitakiwa kwa sababu damu huinywa vizuri, wakati ile ya mwanzo ingepenya kwenda ndani zaidi. Shangazi bado anasoma Taifa Leo mwenyewe, akivaa miwani. Ndiyo maana nilisema mwanzoni kwamba habari hii si ya Paris tu.

Na kwa kuwa tumefika kwenye kijani, niwaonye wenzangu. Zile tochi ndogo za leza ya kijani zinazouzwa mjini zina fuwele ya namna hiyo ndani. Nyingine hazina kichujio kizuri, zinatoa kijani unachokiona pamoja na nuru usiyoiona, yenye kuchoma. Usimmulike mwenzako machoni hata kwa mzaha, wala usimmulike rubani angani. Fuwele inayotibu jicho hospitalini inaweza kulipofua bwenini.

Tamati

Pierre Curie hakujua leza ni nini. Alipokuwa akibana vipande vya mawe, mtu angeweza kumwuliza yana faida gani, naye asingekuwa na jibu la kumshibisha mwenye njaa. Ilipita miaka 80 na ushei kabla sharti lake la ulinganifu halijatumika kubadili rangi ya nuru. Hakuwa na haraka alipokuwa mtoto, hakuwa na haraka ya shahada, hakuwa na haraka ya vyeo, na mawe aliyoyasoma nayo hayakuwa na haraka.

Kwa hivyo wewe uliye Kidato cha Pili na unafikiria kuacha Fizikia kwa sababu huoni itakusaidia nini, subiri kidogo. Chukua chembe ya chumvi na chembe ya sukari, uziweke kwenye kiganja, uzitazame. Macho yako hayataona tofauti. Pierre aliiona, na kama unapenda kujua aliionaje, mlango wa maabara uko wazi Jumatano baada ya masomo. Kalamu yangu naiweka chini hapa.